Punje Zilizotangulia

Mwanamke mmoja aliyeitwa Nakiete alikuwa na shamba mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Watu wa juu waliyapata kwanza, wa katikati wakafuata, na yeye na jirani zake wa mkiani wakapata tope. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalinyauka yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kubeba. Hakuwa mvivu, na udongo wake haukuwa na kasoro. Alikosa maji tu, na maji yaligawanywa na msimamizi aliyechaguliwa na kijiji kizima.

Nasema kijiji kizima, lakini hapo pana neno. Watu wa mlima ule walimchagua msimamizi wa mfereji kila mwaka kabla ya kiangazi. Kila mtu mzima alipewa punje mbili za maharage, nyekundu ya mgombea mmoja na nyeupe ya mwingine, kisha akaingia peke yake katika ghala. Punje ya mtu aliyemtaka aliitumbukiza katika kibuyu chenye shingo nyembamba. Ile nyingine aliiacha katika mtungi uliofunikwa, na mtungi huo baadaye ulimiminwa kwenye chungu cha makande. Jioni yake watu wote, walioshinda na walioshindwa, walikaa pamoja wakala punje walizozikataa. Ulikuwa utaratibu mzuri. Mimi naupenda mpaka leo.

Kuanzia siku chache kabla ya uchaguzi, maji yalifungwa. Bwawa lao la mlimani, ambalo waliliita ndiva, liliachwa lijae, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa mpaka litoke neno la msimamizi aliyechaguliwa. Sasa bwawa lililojaa husukuma ukuta wake. Ilibidi watu washinde huko juu, wakitembea kwenye tuta na kuziba kwa udongo na majani kila palipovuja. Wazee wa zamani waliamua kwamba kazi hiyo ifanywe na watu wa mkiani, kwa kuwa wao ndio wenye shida kubwa ya maji na hawatasinzia wakiyalinda. Huenda uamuzi ule ulikuwa na busara siku ulipotolewa. Lakini matokeo yake ni kwamba siku ya kuchagua, kutoka mkiani walikuja barazani wakongwe wawili watatu tu, wanaotembea kwa kushikwa mkono. Wengine wote walikuwa bwawani. Miaka ilikwenda hivyo, wakilinda maji ili wenzao wachague kwa utulivu mtu wa kuwagawia tope. Hakuna mtu aliyewakataza kupiga kura. Siku yenyewe ndiyo iliyowakataza, na kwa kuwa siku haina uso, hawakujua wamlalamikie nani.

Nakiete akaamua kumlalamikia mwenye uso. Msimamizi wa miaka mingi alikuwa Mbonea, mtu wa juu, mwenye kovu pana kwenye dole gumba alilolikata kwa mundu ujanani. Alimkuta anapura maharage uani kwake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

“Sikai, mzee. Nimekuja kuomba nipige kura yangu kabla sijapanda bwawani.”

“Kura hupigwa siku ya kura, mama. Ukitaka kupiga, si ushuke uje?”

“Nikishuka, ukuta ukipasuka utamwuliza nani?”

Mbonea aliendelea kupura kidogo, kwa aibu, kisha akasema atalipeleka neno lile barazani. Na alilipeleka. Hilo nalo lisemwe.

Barazani palichafuka. Mwaka huo mgombea wa pili alikuwa Kiangi, mwashi wa katikati, aliyekuwa akisema wazi kwamba safari hii maji yaanzie mkiani. Kiangi alilikubali ombi la Nakiete upesi mno, maana alijua watu wa bwawani wangempenda. Mbonea alisita kwa sababu hiyo hiyo. Msiwashangae. Wagombea ndivyo walivyo, hata walio wema, na ndiyo maana watu huweka taratibu kabla ya siku kufika. Ikifika, kila mtu huiona haki kwa jicho la mfuko wake.

Basi ombi likakubaliwa, wakakaa kuziweka taratibu. Mmoja aliuliza, mtu akishapiga mapema, nini kitamzuia kushuka kupiga tena? Wakakubaliana kwamba kila anayetangulia achovye kidole katika utomvu wa mgomba, ambao ukikauka huwa mweusi na sabuni haiutoi. Mwingine akauliza nani atashuhudia, wakasema kila mgombea amlete mtu wake asimame mlangoni mwa ghala, mlangoni tu, asichungulie ndani. Swali la nani akitunze kibuyu kidogo cha kura hizo za mapema lilikaribia kuleta ngumi. Watu wa Mbonea walitaka kilale kwa Mbonea, wa Kiangi wakataka kilale kwa Kiangi. Mwisho walikipeleka mahali ambapo hakuna upande uliopataka, katika kibanda cha majembe kando ya bwawa, kwa kuwa pale walinzi wote wangekiona na hakuna ambaye angekiita chake. Mdomo wake ungezibwa kwa udongo, na wagombea wote wawili wangeubonyeza udongo huo kwa dole gumba. Usingefunguliwa mpaka watu wote wamalize kupiga kura barazani.

Nakiete aliomba jambo moja tu. Aliomba kibuyu cha bwawani kisihesabiwe peke yake, bali kimiminwe pamoja na kile kikubwa, na punje zichanganywe. Hakusema kwa nini, na hakuhitaji kusema. Mtu anayepanga zamu za maji akijua nani hakumtaka, zamu hupotea njiani. Walimkubalia.

Siku chache kabla ya uchaguzi, asubuhi, watu wa mkiani walikuja kupiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Nakiete alikaa ndani ya ghala muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka, kidole chake kilikuwa kimeshachovywa, na alikishika mbali na nguo kama mtu aliyebeba yai.

Sasa sikilizeni kosa lao, maana ni kosa la watu wema. Ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba kibuyu kilikuwa na punje zilizonata ndani, walikuwa wamekisuuza kwa maji mbele ya macho ya wote. Walikisuuza vizuri, wakakitikisa, wakakigeuza juu chini, na watu wakapiga makofi. Kabla hakijakauka, kura zikaanza kuingia. Kisha wakakiziba kwa udongo mbichi wa mfereji, Mbonea akaubonyeza kwa kidole chake, Kiangi kwa chake, na wakakiweka katika kibanda chenye unyevu kando ya maji. Wote walikuwa wakulima. Kila mmoja wao alijua maharage hufanya nini yakipata maji na giza. Lakini walikuwa wakiwaza wizi, na mtu anayewaza wizi husahau kilimo.

Siku ikafika. Nakiete na wenzake walikuwa bwawani. Barazani watu wakapiga kura, wakamaliza, na kibuyu kidogo kikaletwa. Wakautazama udongo. Alama ya Kiangi ilikuwapo, pana na bapa. Alama ya Mbonea ilikuwapo, na kovu limekatiza katikati. Hakuna ufa. Wakaubandua udongo ule, wakauweka kando, wakamimina vibuyu vyote viwili kwenye ungo.

Kwanza watu walicheka. Katikati ya punje kavu zilikuwamo punje zilizovimba, ngozi zimepasuka, kila moja imetoa mkia mweupe. Kisha kicheko kikafa, kwa sababu kila mwenye macho aliona zile za mkia zimetoka wapi, na aliona nyingi ni nyeupe, rangi ya Kiangi. Lile ambalo Nakiete aliomba lifichwe lilikuwa limelala wazi juu ya ungo, naye hayupo.

Mpwa wa Mbonea, mtu mzima mwenye watoto wake, akaruka juu. “Zimeharibika! Kura iliyoharibika haihesabiwi. Zitieni kwenye makande!”

Wengi wa juu wakamwunga mkono. Zile za mkia zikatengwa, zile kavu zikahesabiwa, na Mbonea akawa mbele, si kwa mbali, lakini mbele. Ilibaki aseme neno moja tu, au asiseme lolote, kazi iwe yake mwaka mwingine. Kiangi aligombana mpaka sauti ikamkauka. Watu wakamgeukia Mbonea.

Sitaki mumwone Mbonea kama malaika. Aliitaka kazi ile. Alikuwa akitafuta njia ya kukubaliana na mpwa wake bila kuona haya. Mkono wake ukaenda kwenye bonge la udongo lililobanduliwa. Akaligeuza, akaona kidole chake mwenyewe na kovu lake mwenyewe, jinsi alivyoliacha. Kidole kile kilikuwa kimewaambia watu wa mkiani kwamba walichokiweka kitafika salama. Akaliweka chini, akaokota punje moja nyeupe yenye mkia.

“Shambani kwangu hii ningesema imeota. Hapa nitasemaje kwamba imeoza? Hesabuni zote.”

Zikahesabiwa zote, na Mbonea akaacha kuwa msimamizi.

Desturi yao ilikuwa kwamba msimamizi anayetoka ndiye anayepeleka bwawani neno la anayeingia. Lakini Mbonea alikuwa amechaguliwa mfululizo kwa miaka mingi, akijipelekea neno lake mwenyewe, mpaka watu wakaisahau desturi hiyo. Kwa hiyo Nakiete alipomwona anapanda kilima, alidhani mambo ni yale yale. Alikata tamaa pale pale kwenye tuta, mikono imejaa matope. Nyuma ya Mbonea alikuja mpwa wake, amejitwika chungu cha makande. Watu wa mkiani hawakuwahi kuletewa makande yakiwa ya moto.

“Kiangi amenituma,” Mbonea alisema. “Fungueni. Maji yaanzie mkiani.”

Nakiete alilia, na hakuona haya. Hata yule mpwa, alipotua chungu, alitazama pembeni.

Zile punje zilizoota hazikupikwa. Mbonea alizileta zimefungwa katika jani la mgomba, akawapa walinzi, na Nakiete akazipanda ukingoni mwa shamba lake maji yalipofika. Zilitambaa zikazaa, nyekundu na nyeupe zimechanganyika, na hata yeye hakujua mmea wake ni upi. Siri yake ikarudi mahali pake.

Mwaka uliofuata walirekebisha taratibu. Hakuna aliyesema kura ya mapema ifutwe kwa sababu ya kosa lile, na hilo ndilo ninalowasifia zaidi ya yote. Walisema tu kibuyu kianikwe juani kikauke kwanza, kizibwe kwa nta badala ya udongo, na kikae mahali pakavu lakini pa wazi. Wakaongeza jambo moja ambalo hawakuwahi kulifikiria zamani: ulinzi wa bwawa uwe wa zamu, watu wa juu, wa katikati na wa mkiani, kila mwaka upande wake.

Zamu ya kwanza iliwaangukia watu wa juu. Asubuhi ya kura ya mapema, Mbonea alitoka ghalani akipuliza utomvu kwenye kidole chake chenye kovu, akachukua jembe lake, akapanda kwenda kulinda maji. Siku ya uchaguzi Nakiete aliketi barazani kwa mara ya kwanza, miguu yake mikavu, na alipokuwa akila makande na wenzake, aliinuka katikati ya chakula akajaza bakuli la kupeleka bwawani.

Nanyi mlioketi hapa leo, miguu yenu mikavu: ni nani anayewalindia maji saa hii, na punje yake iko wapi?