Bolti Zilizokazwa Hewani

Watu hudhani methali ya hasira hasara ilitungwa kwa ajili ya wapumbavu, wale wanaorusha sahani kwa sababu chumvi imezidi. Si kweli. Mpumbavu akikasirika hupoteza sahani yake, basi. Anayepoteza kikubwa ni yule aliyekosewa kweli, mwenye haki ya kukasirika, ambaye hata majirani wangemuunga mkono. Ochola alikuwa mtu wa namna hiyo.

Alikuwa fundi wa magari huko Kawempe, Mjaluo wa Kisumu aliyeingia Kampala kabla ya vita na kukataa kuondoka vilipokwisha mwaka 1986. Miaka ile spea zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku, na wizi wa gereji ulishazoeleka. Ulimwachia fundi gari lenye shokabzoba nzima, zile za kutuliza mtikisiko, akakurudishia lenye mbovu pamoja na tabasamu. Ndipo wenye magari wakajiwekea desturi: jeki ikipanda, mwenye gari huketi kwenye kigoda kando ya gurudumu, macho kodo, mpaka jeki ishuke. Kwa Ochola hakuna aliyeketi. Watu walimwachia ufunguo wakaenda zao sokoni Kalerwe, na hilo ndilo jina alilokuwa nalo mjini. Mgeni katika nchi ya watu hana shamba wala ukoo wa kumtetea, ana jina tu.

Maftah, muuza vitambaa wa Kibuli, alikuwa mteja wake na rafiki yake wa siku nyingi. Siku moja alimletea gari la marehemu baba yake: gari la michezo la milango miwili, jekundu, fupi kama bakuli lililofunikwa. Wakati wa vita walilivua magurudumu na kulificha nyuma ya marobota ya vitambaa ili askari wasilichukue. Sasa lilikuwa linayumba nyuma. Mafundi wengine walikuwa wamelibadilishia shokabzoba bila mafanikio.

Ochola aliliendesha hadi Kalerwe na kurudi. Kila alipoachia pedali ya mafuta kwenye kona, sehemu ya nyuma ilijiendea inakotaka, na chini ya kiti kulikuwa na kitu kinagonga. Aliporudi aliliegemea buti kwa uzito wake wote, kisha akaliachia. Gari likapanda mara moja likatulia.

"Shokabzoba hazina kosa," alisema. "Waliokubadilishia walikula pesa zako bure."

Akalipandisha kwa jeki, akapenyeza mtaimbo kati ya fremu na mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, akausukuma. Mkono ukacheza kama jino bovu.

"Hizi hapa ni bushi," alimwonyesha. "Raba zinazokaa kwenye maungio. Zimekwisha. Gurudumu hili linashikwa na kutu tu."

"Binti yangu Umulkheir anaolewa Jumapili ya wiki ijayo," Maftah alisema. "Nilimwahidi baba kabla hajafa kwamba mjukuu wake ataondoka nyumbani kwa gari hili, na mimi nikiendesha."

"Ataondoka nalo, ndugu yangu."

Mafundi wa siku hizo walichonga bushi kwa tairi kuukuu, kama wanaotengeneza ndala. Ochola hakutaka kusikia habari hiyo. Mkewe, Nabwire, alikwenda mwenyewe Kisumu, wakati ambao mpaka wa Busia ulifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha soko, akarudi na bushi mpya ndani ya gunia la omena, dagaa wa ziwani. Hazikuwapo nyingine.

Asubuhi ya kazi, Maftah alifika na Zubairi, kaka wa mkewe. Zubairi alikuwa amebeba kigoda. Alikiweka kando ya gurudumu la nyuma, akaketi, akakunja kanzu yake magotini.

"Hiyo ni nini?" Ochola aliuliza.

"Mimi nakaa hapa tu, ssebo. Siku hizi vitu inapotea. Na nyinyi watu wa Kenya, mkono yenu tunaijua."

Ochola alimtazama Maftah. Maftah alitazama barabarani.

"Shemeji ana wasiwasi," Maftah alisema hatimaye. "Harusi ni kitu kikubwa. Usijali, fundi."

Fundi. Miaka yote alimwita ndugu yangu, leo mbele ya shemeji amekuwa fundi. Zubairi hakumuuma Ochola sana, maana mbwa wa mtu mwingine akikubwekea, unayemlaumu ni mwenye mbwa. Aliyemuuma ni Maftah, aliyesimama pale akihesabu magari yanayopita barabarani huku jina la rafiki yake likivuliwa nguo. Maftah akaaga, akaenda zake.

Nabwire aliyaona yote kutoka jikoni. Akamwita mumewe pembeni. "Baba Moreen, funga kazi leo. Utaimaliza kesho moyo ukiwa umetulia."

"Waondoke na gari lao leo hii. Sitaki kuliona hapa."

Alizitoa bushi kuukuu, akazipachika mpya, na mpaka hapo mikono yake haikukosea kitu. Lakini kazi ile ina sharti moja ambalo Ochola alilijua kama anavyojua jina la mama yake. Bolti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Huachwa zikiwa zimelegea, gari likashushwa, likasimama kwa miguu yake na kubeba uzito wake, ndipo fundi hulala chini yake na kuzikaza. Ukizikaza hewani, raba hushikwa ikiwa imekaa vibaya. Gari likishuka, raba hupindika, na kila shimo la barabara huichana zaidi. Gari lile lilikuwa fupi mno mtu kupenya chini yake, kwa hiyo ilibidi lisogezwe taratibu hadi gereji ya Saverio, jirani yake, penye shimo ambamo fundi husimama chini ya gari, na kungoja zamu.

Ochola alikuwa anafikiria shimo la Saverio wakati Zubairi aliponyosha mkono.

"Hizo za zamani nachukua zote. Halafu utafungua ile mfuko yako, nione ndani."

Ochola akaumwaga mfuko wake chini. Zikatoka spana, kitambaa cha mafuta na nusu ya muhogo wa kuchemsha. Zubairi akavipekua kwa ncha ya kiatu, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Basi Ochola akainama chini ya gari lililoning'inia, akazikaza bolti zote pale pale hewani, kwa nguvu zake zote, akishusha kila tusi alilolijua kwa Kijaluo. Akashusha jeki.

"Chukueni gari lenu," alisema.

Jioni Nabwire alimuuliza, "Mbona sikuona gari likienda kwa Saverio?"

Ochola akaendelea kusugua grisi mikononi.

"Nenda Kibuli ukamwambie. Neno moja tu: asiliendeshe mpaka ulirekebishe."

"Aliyeleta mlinzi alete na spana," Ochola alijibu, akageukia ukutani.

Wiki nzima aliitunza hasira hiyo kama mtu anayechochea jiko lisizimike. Wiki nzima gari lilibeba mchele, viti na mashangazi wa harusi katika barabara zenye mashimo. Jumapili, Maftah alimpakia bintiye aliyepambwa, akaanza kuteremka mlima wa Kibuli. Kwenye kona alipoachia mafuta, sehemu ya nyuma ikajiendea. Gari likaingia mtaroni kwa ubavu. Maftah alitoka na mikwaruzo. Umulkheir alivunjika mguu vibaya, akapelekwa hospitali na hina yake mikononi, wala hakufika Jinja, alikokuwa akingojewa na bwana harusi.

Siku chache baadaye Maftah alikuja Kawempe kwa miguu. Ochola alisimama akingojea matusi, na kwa kweli aliyatamani.

"Nimekuja kuomba radhi," Maftah alisema. "Zubairi ameapa mbele ya familia yote kwamba hukuchukua hata nati. Aliketi mwanzo hadi mwisho. Nilikudhalilisha, ndugu yangu, na Mungu amenionyesha."

Nabwire alisimama mlangoni akimtazama mumewe. Ochola angeweza kunyamaza. Shahidi wake alikuwa adui yake mwenyewe, na jina lake lilikuwa limerudi likiwa limefuliwa. Lakini neno lile ndugu yangu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nilikaza bolti gari likiwa hewani," alisema. "Nilijua raba zitachanika. Nilikuwa na hasira."

Maftah alirudi nyuma hatua moja.

"Ungenitukana," alisema. "Ungenipiga kibao mbele ya shemeji, ningestahili. Umulkheir alikukosea nini?"

Maftah akageuka, akaondoka pole pole kuelekea mjini, wala hakurudi tena, yeye wala mtu yeyote wa Kibuli. Ochola alibaki gerejini na hasira yake, ambayo sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia ila yeye mwenyewe. Alikuwa amekosewa, na hilo hakuna aliyelibisha hata siku moja. Lakini haki ya kukasirika haijawahi kuizuia hasira kuwa hasara.