Matawi Mabichi Barabarani

Mwanamke mmoja, Namkunda, alikuwa na nyumba upande mmoja wa barabara na maji upande wa pili. Zamani hilo halikuwa shida. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na gari likija ulilisikia likikohoa tangu mbali. Ulivuka, ukafika nyumbani, ukatua ndoo, ndipo likapita. Kisha wakaja wenye mitambo, wakamwaga lami. Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza lami ile imewekwa ili nani awahi wapi.

Huyu Namkunda alikuwa na mume, jina lake Kiondo, mzee wa miguu mizito na masikio yaliyofunga kazi. Kiondo alikuwa na mbuzi, na mbuzi wake, kwa maneno yake, hawakunywa maji ya ndoo. Wangekunywa. Ila mwenyewe hakutaka kukaa nyumbani kama chungu kilichopasuka. Basi asubuhi aliwavusha kwenda kisimani, na jioni akawavusha kurudi, mikono nyuma, bila kutazama huku wala huku. Barabara ile aliivuka tangu ikiwa njia ya punda, na hakuona kwa nini aanze kuiomba ruhusa uzeeni. Namkunda alimkemea mpaka koo likamkauka. Mwisho akanyamaza. Lakini kila breki zilipolia huko nje, moyo wake ulifika barabarani kabla ya miguu yake, kwa kuwa alijua vizuri kabisa mume wake atakufaje. Kilichobaki ilikuwa kujua lini.

Magari yalichukua mbuzi. Yakachukua mbwa. Halafu moja likamchukua fundi baiskeli mbele ya kibanda chake mwenyewe, na dereva hakusimama hata kuuliza jina. Ndipo watu wakaitana. Serikali ilikuwa imeweka kibao cha mwendo wa hamsini pale kijiji kinapoanza, lakini kile kibao kilisimama kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, hakuna aliyekiitikia. Wakakubaliana kujitolea wenyewe, kwa zamu, nyumba kwa nyumba, wasimame kando ya lami na kitambaa chekundu, wawapungie madereva wanaokimbia. Eliamini, fundi cherehani, akafanywa kiongozi kwa kuwa alikuwa na kizibao cha kung'aa alichopewa na shemeji yake. Sababu nyingine haikuwapo.

Madereva walicheka.

"Bibi, hicho kitambaa unauzaje?" mmoja alimpigia kelele Namkunda siku ya zamu yake.

"Harusi ya nani hapo?" akauliza mwingine.

"Ya mama yako! Shuka ule pilau!" alijibu Namkunda. Lilikuwa jibu zuri, lakini gari lilikwisha kupita, na vumbi la pembeni likalisikia jibu lile peke yake. Eliamini alipunga mpaka bega likamuuma. Waliopunguza mwendo walikuwa wale waliopotea njia na walitaka kuuliza.

Ikawa bibi mmoja aitwaye Nakiete akafariki. Alifia kitandani, kwa uzee, baada ya kugombana na kila mtu na kupatana na kila mtu. Nyumba yake ilikuwa karibu na lami, kwa hiyo vijana wakafanya kama inavyofanywa siku zote: wakakata matawi mabichi, wakayalaza barabarani pande zote mbili, ili mwenye gari ajue kuna msiba. Namkunda alikuwa nje, kwenye jiko la msibani, anakoroga maharage. Akaona basi kubwa linakuja, lile ambalo kila siku lilipita kama linafukuzwa. Likayaona matawi. Likapunguza. Muziki ukazimwa. Konda akavua kofia. Na katikati ya utulivu ule Kiondo akajitokeza na mbuzi wake, akavuka taratibu kama mwenye barabara, basi likimngoja.

Namkunda alisimama, mwiko mkononi, maharage yakaanza kuungua. Alimtazama mumewe, kisha akatazama nyumba ya Nakiete. Huyu aliyelala mle ndani havuki tena kwenda popote, na ndiye anayepunguziwa mwendo. Yule anayevuka kila siku hana wa kumvulia kofia.

Siku ya kuanua tanga, vijana walikwenda kuyaondoa matawi, kama ilivyo desturi. Namkunda akawaambia wayaache. Yaliponyauka, alichukua panga, akakata mengine, akayapanga kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akatandika mkeka kando, akajifunika kanga kichwani, akaketi kama mfiwa.

Eliamini alikuja mbio, kizibao kikimpepea. "Mama, unamchuria nani? Matawi bila maiti ni kumwita maiti!"

"Maiti hapa aliitwa siku nyingi, Eliamini, na wewe ukiwa umesimama unapunga," alisema Namkunda. "Nitajie kitu kingine wanachokiheshimu watu hawa. Nitajie kimoja, haya niyatupe sasa hivi."

Eliamini alifikiri. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi, lakini pia alikuwa mkweli. Akaenda kuchukua panga lake.

Toka hapo kijiji kile kilikuwa na msiba kila siku. Haukuwa na jeneza, haukuwa na kaburi, ila ulikuwa na zamu. Wenye zamu walikata matawi alfajiri, wakaketi mkekani mpaka jua linazama. Usidhani walifurahi. Wapo waliotema mate kabla ya kuketi, kufukuza uchuro, na wapo waliomwambia Namkunda usoni kwamba anacheza na mambo yasiyochezewa. Naye hakubisha. Alijua anachokifanya: ameazima heshima ya marehemu, bila kuwaomba, ili awafunike nayo watu walio hai wanaotembea. Lakini magari yalipunguza. Kofia zilivuliwa. Kiondo alivuka kwenda na kurudi, na mkewe kwa mara ya kwanza alikula chakula chake kikiwa moto.

Siku moja jioni lori la saruji likapunguza, likafika kwenye matawi, kisha likasimama kabisa pembeni, juu yake. Akashuka dereva, mtu mzima, shati limeloa jasho mgongoni, kofia mkononi na pakiti ya sukari kwapani. Alikuja mpaka mkekani, akachuchumaa mbele ya Namkunda.

"Shikamoo, mama. Poleni sana."

"Marahaba, baba. Asante."

"Mimi huwa napita hapa. Nikienda mna msiba, nikirudi mna msiba. Nimeshindwa kupita tena bila kushuka." Akaiweka sukari mikononi mwake. "Hii ni ya chai ya wanaolala msibani. Ni ugonjwa gani uliowaingia? Nani amefariki safari hii?"

 Eliamini akaanza kuvichunguza vifungo vya kizibao chake. Kisha akamwinamia Namkunda sikioni: "Sema Nakiete. Nakiete amekufa kweli, si uongo."

Na si uongo. Namkunda angeweza kusema hivyo, mtu yule angeinama kidogo, angerudi kwenye lori lake, na kesho matawi yangeendelea na kazi yake. Akisema ukweli, madereva wote wangejua kabla ya jua kuchwa. Watu wale huambizana mambo kwa taa na kwa honi na kwa simu. Matawi yangebaki kuwa chakula cha mbuzi. Na Kiondo angevuka kesho, mikono nyuma, mbele ya magari yaliyojua kwamba hakuna maiti. Namkunda aliihesabu hasara hiyo akiwa ameishika sukari. Ilikuwa nzito kuliko sukari. Mtu huyu alikuwa ameshuka. Katika wote waliovua kofia wakapita, huyu alikuwa ameshuka.

Akamrudishia pakiti yake mikononi.

"Bado hajafa, baba," alisema. "Yule pale, anavuka."

Dereva akageuza shingo. Kiondo alikuwa amekwisha kanyaga lami, mbuzi wakimfuata, mmoja akisimama kujikuna juu ya mstari mweupe. Na nyuma ya lori, kwenye mteremko, likatokea basi. Lilikuwa limechelewa, kama mabasi yote yanavyochelewa, na liliona lori limesimama likaamua kulipita. Matawi yalikuwa chini ya lori. Dereva wa basi hakuyaona. Namkunda aliinuka.

Aliyekimbia ni yule wa saruji. Alimwaga sukari, akaingia katikati ya barabara, mikono ameitandaza, kofia anaipunga, mwili wake mzima mbele ya basi kama vile mzee yule ni baba yake mzazi. Breki zikalia. Harufu ya mpira ikajaa. Basi likasimama karibu naye kiasi cha kumgusa kwa mkono, na abiria wote wakatukana kwa pamoja.

Kiondo hakusikia kitu. Alipoinua macho alimwona mwanamume mgeni kasimama barabarani kamwinulia mikono miwili, akadhani anaamkiwa.

"Marahaba, mwanangu!" akasema kwa sauti kubwa, akaendelea na safari yake. Yule mbuzi wa mwisho alichukua muda, kwa sababu alikuwa ameiona sukari.

Dereva wa lori alirudi mkekani. Wote walimngoja awatukane, na alikuwa na haki. Alimtazama Namkunda, akayatazama matawi, akafuta uso kwa kofia.  Alipanda lori lake, akaliondoa polepole, na wakamwona anaendelea polepole mpaka alipopotea kwenye kona, mahali ambapo hapakuwa na matawi wala mtu.

Habari ilienea, kama Namkunda alivyojua. Wapo madereva walioapa hawatadanganywa tena, wakawa wanayakanyaga matawi makusudi na kupiga honi ya dhihaka. Hao bado wapo, na wenye zamu bado wanawapungia kitambaa chekundu na kuwajibu matusi kwa matusi. Lakini wapo wengine, nao si wachache, ambao walijua kabisa kwamba hakuna maiti, na bado wakapunguza. Namkunda huwainulia mkono hao, hata kama hawajui jina lake. Kiondo anavuka mpaka leo. Hajaambiwa lolote, na asingesikia. Yeye anaona tu kwamba watu wa siku hizi wameanza kuwa na adabu.

Haya, na wewe uliyekaa ukasikiliza. Siku mama yako akifa, ruhusa kazini utapata, nauli utapata, sare za msiba zitashonwa na wewe utalia mpaka wakushike. Leo yuko hai, ameketi mlangoni anatazama njia, na wewe unapita mbio na salamu unazituma kwa simu. Ni mpaka afe ndipo upunguze mwendo?