Kikombe Ambacho Konsolata Hakukionja

Wahenga waliposema kwamba ulimi unauma kuliko meno, hawakuwa wakitania. Aliyeng'atwa kwa jino hufungwa kitambaa, akapona, akasahau. Aliyeumwa kwa ulimi hawezi kupona hata kama mwenye ulimi huo ametubu. Shahidi wangu ni Tarsis wa Matembwe, mtu aliyeanza kutania kabla hajaota meno yote.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Pili, Mwingereza akitawala, na masika yalikuwa yamekolea. Mianzi ilitoa ulanzi, ile pombe ya utomvu wake, kwa wingi na kila nyumba ilikuwa na wageni. Desturi ilikuwa moja kote: anayekaribisha huonja kwanza, mgeni akaona kwa macho yake, ndipo akapokea kikombe. Siku hiyo Konsolata, mke wa Filbert, kaka yake Tarsis, alikuwa akimmiminia jirani yao Mzee Lukas, mara mvua ikaanza kudondoka. Ulezi wake ulikuwa umeanikwa uani. Alimkabidhi mzee kikombe, akakimbia kuuanua.

Tarsis hakuiacha nafasi hiyo impite.

“Mzee Lukas,” alisema, “shemeji hakuonja. Umeacha wosia nyumbani?”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee naye alicheka, akanywa, akaomba kingine. Kesho yake asubuhi alikuwa hoi kitandani, akitapika na kujikunja kwa maumivu ya tumbo, na hakuna aliyecheka tena.

Maneno ya Tarsis yalifika kisimani, kutoka kisimani yakafika kilabuni, na kila yalipopita yaliongezwa chumvi. Asubuhi yalikuwa mzaha, jioni yakawa ushahidi. Wengine waliokunywa kutoka kibuyu kilekile walikuwa wazima, lakini hilo halikumsaidia Konsolata. Ilisemwa kwamba sumu hufichwa ukuchani, ikatiwa ndani ya kikombe kimoja tu. Mama wa watu alijifungia ndani na mwanawe mchanga, maana alijua mzee akifa hatasikilizwa na yeyote.

Enoki, mtoto wa kwanza wa Mzee Lukas, alikuja na ndugu zake wakiwa na mapanga. Hakupaza sauti.

“Baba akikata roho,” alimwambia Filbert, “mkeo atakunywa mwavi. Serikali ijue, isijue.”

Mwavi, ile dawa ya kiapo iliyoua wengi wasio na hatia, ilikuwa imepigwa marufuku. Lakini boma la serikali lilikuwa mbali huko Njombe, na Enoki alikuwa mlangoni. Tarsis alijitupa mbele yake akapiga magoti.

“Nilitania, Enoki. Shemeji yangu hana kosa.”

“Ulisema hakuonja. Je, alionja?”

Ni kweli, hakuonja. Enoki alimruka Tarsis pale chini akaondoka.

Ndipo Tarsis alipokwenda kuwasihi wana wa mzee, na kwa shida wakakubali baba yao abebwe kwa machela hadi zahanati ya misheni. Njiani kila mzee aliponyamaza, Tarsis aliinama kusikiliza kama bado anapumua. Akifa mzee, wamekufa wawili. Mungu si Athumani: mzee alitibiwa, akapata nguvu, na alipoulizwa alikula nini, alijibu kwa haya kwamba siku ile aliokota uyoga porini, akauchoma na kuula peke yake ili asigawane na wanawe. Enoki alimletea Konsolata kuku na kumwomba radhi mbele ya watu. Kila mtu alisema mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mtoto wa Konsolata alipobatizwa, wageni walijaa uani. Konsolata alionja kila kikombe mbele yao, tena kwa mafunda makubwa. Wageni walipokea, wakashukuru, wakaviweka chini. Mmoja alisema ana safari, mwingine tumbo lilikuwa linamsumbua. Enoki mwenyewe alilowesha midomo tu. Jioni Konsolata alimwaga vibuyu vizima shambani, na kabla ya mavuno Filbert alihamisha familia yake Makambako, kwenye njia panda ya malori, ambako hakuna aliyewajua. Hakumuaga mdogo wake.

Tarsis alivumilia upweke mpaka ukamshinda. Alipanda lori la mbao, akashuka Makambako, akaulizia nyumba yao. Konsolata ndiye aliyemfungulia. Walisalimiana kamwene, kamwene, na Tarsis akaomba msamaha akiwa bado amesimama. Shemeji yake alimwambia alikwisha kumsamehe, akamwekea kigoda, akammiminia ulanzi. Akaonja. Tarsis alinyoosha mikono kupokea, lakini Konsolata alikirudisha kikombe kinywani, akanywa tena polepole, macho yake yakiwa usoni pa Tarsis.

“Nimeonja mara mbili, shemeji,” alisema. “Umeona?”

Hakuwa akimkejeli. Ndivyo alivyomhudumia kila mgeni sasa, hata watoto wa jirani. Tarsis alikipokea kikombe, machozi yake yakadondokea humo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha wa kusema. Hakika, ulimi unauma kuliko meno.