Kindi na Vishimo vya Kilimani

Nina ngano, jamani!
— Ilete tuione!
Imetoka mbali, miguu imevimba!
— Ipe kigoda ikae!
Nikiisema, mtanikana?
— Tutasema hatukuwepo!

Haya. Hapo mmenena kama watu wazima.

Hapo kale, mbali kabisa kunakotoka jua, Uchina huko, siyo hapa, na wewe acha kunikodolea macho, nimesema Uchina, palikuwa na nchi ya wanyama. Walikuwa wakilima mpunga, wakila, wakilala. Mfalme wao alikuwa Dubu. Dubu alikuwa na tumbo, ndugu zangu! Akikaa, yeye anakaa kwanza, tumbo linakaa baadaye.

Mwaka mmoja Dubu akaamka na wazo. Mfalme akiamka na wazo, ninyi fungeni milango.

Akasema, "Shomoro wanakula mpunga wangu. Wamalizeni."

Wanyama wakatoka na sufuria, wakazipiga tangu asubuhi: kwang! kwang! kwang! Shomoro wakakosa pa kutua. Wakaruka, wakaruka, wakaruka, mpaka mioyo ikawapasuka, wakaanguka: pu! pu! pu!

Dubu akasema, "Safi."

Akasema, "Na sufuria za nini tena? Ziyeyusheni, nataka chuma. Mtakula jikoni kwangu."

Sufuria zikayeyushwa, na majembe yakafuata. Dubu akasema, "Safi."

Sasa shomoro wamekwisha. Nani atamla panzi? Hakuna. Panzi wakaingia mashambani kwa raha zao: kwaru, kwaru, kwaru. Mavuno yakawa haba.

Dubu akamtuma Jogoo, mpiga mbiu wake, azunguke vijijini kuuliza mavuno. Kijiji cha kwanza kilikuwa na magunia kumi. Wakamwogopa Dubu, wakasema mia. Kijiji cha pili wakaona aibu, wakasema elfu. Kijiji cha tatu wakasema elfu kumi, na mpunga umesongamana hata kifaranga akitembea juu yake hazami. Dubu akataka kuuona. Basi wakang'oa mpunga wa mashamba kumi usiku na mchana, wakauchomeka wote katika shamba moja, na kifaranga wakamweka juu. Dubu akaja, akatazama, akalamba midomo.

"Safi," akasema. "Nipeni nusu tu. Mimi si mchoyo."

Nusu ya elfu kumi, na ghalani mna kumi! Wakampa yote kumi. Dubu akayahesabu, akakunja uso. "Mengine mmeficha," akasema. Na hilo neno halikumtoka tena rohoni, mpaka leo. Aliamini kwamba mahali fulani, chini ya ardhi, uko mpunga wake uliofichwa.

Akafunga njia zote, asitoke mtu kwenda kuomba kwa jirani.

Wanyama wakala magome ya miti. Magome yakaisha, wakala mizizi. Mizizi ikaisha, wakala udongo mweupe wa kilimani. Udongo ule ukiula unashiba kweli, ila hautoki tena. Na Dubu je? Dubu alikuwa ghalani. Nyamu, nyamu, nyamu.

Kijijini pale aliishi Kindi na mama yake. Mama yake aliitwa Guihua. Kutoka jikoni kwa Dubu kila mmoja alipata upawa mmoja wa uji kwa siku, uji mwepesi, ukiinama unajiona sura. Guihua akipokea wake anampa mwanawe.

"Kula, mwanangu. Mimi nimeshakula nilikotoka."

Alikotoka wapi? Hakukuwa na chakula popote. Kindi alijua, na alikula. Alikuwa na njaa, mnataka afanye nini?

Siku Guihua aliposhindwa kuinua kichwa, alimshika mwanawe mkono. "Sikiliza. Masika yakifika, njoo uniite jina langu mara tatu, uniwekee konzi ya wali. Ukisahau, nitakaa na njaa hii siku zote."

Ndiyo mila ya kule. Kila masika watu hupanda makaburini, wakafyeka majani, wakamwita marehemu kwa jina mara tatu, wakamwekea chakula. Marehemu asiyeitwa hali. Na marehemu akishakula, walio hai hukaa palepale wakala kilichobaki, pamoja naye.

Kindi akaahidi. Akamzika mama yake kilimani kwa makucha yake mwenyewe, maana hakuna jembe lililosalia, yote yameyeyushwa. Mwaka ule, kwa kijiji kile kimoja, walizikwa kilimani arobaini na mmoja.

Hatimaye Dubu akaona hata wa kumlimia hatabaki, akafungua ghala kidogo. Kisha akamtuma Jogoo atangaze.

"Kokorikooo! Mfalme anasema: neno njaa halipo. Ilikuwa mvua haba. Waliokufa hawakufa, walihama. Atakayetaja jina la aliyehama, na yeye atahama!"

Wote wakaelewa kuhama ni nini.

Masika ya kwanza yakaja. Kindi akapanda kilimani na konzi ya wali, akafungua mdomo. Jogoo alikuwa amesimama juu ya jiwe, shingo imenyooka, anasikiliza. Kindi akafunga mdomo, akarudi. Masika ya pili vilevile. Mwaka wa tatu kila tonge alilotia kinywani lilimkwama kooni. Alikuwa akila huku akimwona mama yake chini ya udongo, upawa mkononi, anasubiri. Alilia mpaka akachoka kulia, na alipochoka akaanza kufikiri. Mdogo huyu, jamani, nguvu hana. Ana nini? Ana kichwa.

Tena ana sifa moja mbaya. Kindi wote wanasemwa kwamba wanazika njugu, kesho yake hawajui wamezika wapi. Mtu msahaulifu haogopwi na mfalme.

Kindi akajinyima. Tangu kiangazi mpaka masika mengine, nusu ya chakula chake aliweka akiba, punje kwa punje, mpaka akapata konzi mbili za mchele. Akazifukia kilimani, juu ya kaburi la kwanza. Kisha akaenda ikulu, akapiga magoti.

"Mtukufu Mfalme, nimekuja kukiri kosa."

"Kiri haraka, chakula kinapoa," akasema Dubu.

"Ile miaka ya mvua haba, sisi kindi tulificha mpunga wako."

Dubu akaruka, na tumbo likaruka baada yake. "Nilijua! Nilisema! Uko wapi?"

"Kilimani, Mtukufu. Vishimo arobaini na kimoja. Lakini unatujua sisi kwa kusahau. Kwa hiyo kila kishimo tulikipa jina la mtu, tusije tukapotea. Kukifungua lazima ukiite jina lake mara tatu, ukiwekee konzi ya wali. Wali wa juu unauvuta mpunga wa chini."

"Mbona hukuviita mwenyewe, mwizi wewe?"

"Mimi nimekatazwa kutaja majina, Mtukufu. Wewe nani kakukataza? Halafu mali yako itaitikaje sauti yangu? Mali inamjua mwenyewe."

Dubu akacheka, hoo, hoo, hoo. Kweli, mali inamjua mwenyewe! Akaamuru wali upikwe masufuria kumi, maana ikulu sufuria zilikuwepo. Akaamuru wanyama wote wapande kilimani waone mpunga walioficha unavyorudi kwa mwenyewe. Wakapanda, mtu mbele mtu nyuma.

Wakafika kishimo cha kwanza. Kindi alimnong'oneza Jogoo, maana Jogoo ndiye wa kutangaza, na Jogoo akamtangazia Mfalme.

"Fulin," akasema Jogoo.

Alipolitaja tu, manyoya yakamsimama. Fulin alimjua. Fulin alikuwa jirani yake.

"Fulin! Fulin! Fulin!" Dubu akanguruma. Akaweka konzi ya wali. Na konzi ya dubu, ndugu zangu, ni sinia! Kindi akaparua udongo, paru, paru. Mchele huo hapo, mweupe.

"Safi!" Dubu akatetemeka kwa uroho. "Usinichimbie kimoja kimoja. Niite vyote kwanza, nichimbe vyote pamoja! Kinachofuata!"

Jogoo akafungua mdomo. Alikuwa ameshaelewa. Neno moja tu, "Mtukufu, huyu anakuchezea," na Kindi amekwisha. Kindi akamwahi. Akasogea sikioni kwa Jogoo, akanong'ona jina la kishimo cha pili.

"Meilan."

Meilan alikuwa mke wa Jogoo. Alikufa juu ya mayai ambayo hayakuanguliwa, wakati mumewe yuko vijijini anapiga mbiu kwamba mavuno ni mazuri. Jogoo hakuwahi kumwita, hata moyoni aliogopa. Alisimama pale mdomo wazi. Wanyama wote walimtazama.

"Imelala wapi sauti yako?" Dubu akafoka. "Jina!"

"Meilan," akasema Jogoo, na sauti ikampasuka. "Mfalme, kinaitwa Meilan. Mwite kwa nguvu. Na wali uwe mwingi."

"Meilan! Meilan! Meilan!"

Basi Dubu akaenda hivyo, anaita, anaweka wali. Anaita, anaweka wali. Jasho linamtiririka, mate yanamdondoka. Kila jina lilipoitwa, mnyama mmoja katika umati aliinamisha kichwa. Baba wa mtu. Dada wa mtu. Watoto watano wa Bibi Bata, mmoja mmoja, na Bibi Bata akiita pamoja na Mfalme kimyakimya, midomo ikicheza. Mfalme hakulijua jina hata moja. Angelijuaje, yeye alikuwa ghalani?

Kishimo cha arobaini na moja kilikuwa chini ya mti wa mlozi.

"Guihua," akasema Jogoo.

"Guihua! Guihua! Guihua!" Dubu akaita, sauti imemkauka. Akamwaga wali wote uliobaki.

Kindi akafumba macho. Miaka mitatu alikuwa amelibeba jina lile mwenyewe.

Dubu hakungoja. Akarukia kishimo kilichokuwa karibu naye, akachimba kwa miguu yote minne: fuku! fuku! fuku! Akatia mkono, akatoa kitu. Akakitazama. Ulikuwa mfupa mdogo, mwepesi, wa ndege.

"Hii nini?"

Akautikisa mbele ya umati.

"Nimeuliza, hii nini!"

Bibi Bata akajitokeza, anapepesuka. "Huyo ni mwanangu, Mtukufu. Kitinda mimba wangu. Umemwita mwenyewe sasa hivi."

"Alikufa na nini?"

Bibi Bata akamtazama Dubu machoni.

"Mvua haba, Mtukufu."

"Na huyu?" Dubu akaonyesha kishimo cha pembeni.

"Mvua haba," akasema mwingine.

"Mvua haba," akasema Jogoo, naye analia. Likaenda hivyo kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mvua haba, mvua haba, mvua haba, mpaka Dubu akaziba masikio kwa mikono yake minene.

Akamgeukia Jogoo. "Andika! Wote wametaja majina! Wote wahame!"

Jogoo akafuta macho. "Mtukufu, hakuna aliyetaja ila mimi na wewe. Mimi nimekutangazia ulivyoniamuru. Wewe umeyaita, mara tatu kila moja. Niandike nani?"

Dubu akatazama huku, akatazama huku. Akautupa mfupa. "Leo sikuja hapa," akasema. "Mmesikia? Mfalme hakuja kilimani." Akateremka, tumbo nyuma yake.

Bibi Bata akauliza, "Sasa huu wali ni wa nani?"

"Mfalme hakuja," Kindi akasema. "Kwa hiyo si wa Mfalme."

Wakangoja kidogo, kama mila inavyotaka, marehemu wale kwanza. Kisha wakakaa, kila mmoja kwa mtu wake. Kindi akakaa chini ya mlozi. Akachukua tonge kwenye udongo, lina mchanga, akalitia kinywani. Halikukwama. "Kula, mama," akasema. "Safari hii tunakula wote." Akala huku akilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake Dubu alizungushia kilima ukuta, akatangaza kwamba hakuna kilima.

Ngano yangu imekula, imeinuka, inaondoka!
— Isindikizeni mpaka mlangoni!
Aliyeisikia?
— Hakuwepo!

Na funzo, maana najua mtaniuliza funzo. Funzo ni kwamba mfalme hakosei, anayekosea ni mvua. Kumbukumbu haijazi tumbo, kwa hiyo sahauni upesi, mnenepe. Mkifika nyumbani, msimuulize bibi alikula nini miaka ile, wala kwa nini mpaka leo anaficha mkate chini ya mto. Na akianza kuwatajia ndugu zake ambao hamkuwajua, zibeni masikio, na msimwambie awatajie mara tatu.