Karatasi ya Bwalo

Wapo watu ambao kwao maneno makali ni kichekesho madhali yanamchoma mwingine. Yakiwageukia wao, hapatoshi! Mwaka 1995 Mektrida alimwona mmoja wao kwa macho yake, tai shingoni.

Mektrida, mjane aliyeishi Shirimatunda na kuitwa Mama Stella kwa jina la bintiye, alikuwa mpishi katika chuo kimoja cha serikali pale Moshi. Asubuhi moja alimkuta Godbless, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa bwalo huku wenzake wakicheka: "Mama Stella anaiba nyama yetu. Mumewe alikufa kwa kuvimbiwa nyama hiyo." Damu ilimchemka. Mumewe alikufa kwa kifua kikuu, amekonda kama fito!

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Chuo, Bwana Leodegar, machozi ya hasira yakimtoka.

"Mama Stella," Mkuu alitabasamu, "hizi ni zama za vyama vingi. Katiba imempa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Jifunze kuvumilia."

"Kumtukana marehemu ndiyo maoni?"

"Kazi njema, mama."

Karatasi ilikaa pale siku tisa. Kwenye foleni ya makande, vijana walimuuliza kama ameshiba. Akaendelea kuwapakulia, moyo ukimwaka.

Alfajiri ya siku ya kumi ikabandikwa nyingine: "Landrova ya chuo inabeba mabua ya mpunga kutoka Mabogini, kuwapelekea ng'ombe wa Mkuu kule Kibosho." Lo! Mkuu alikuja mwenyewe, akaung'oa ubao mzima, misumari na vyote. Mchana huohuo Godbless, kwa kuwa ndiye aliyebandika ile ya kwanza, akasimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Ikithibitika ni yeye, afukuzwe. Shahidi wa pekee alikuwa Mektrida, aliyekuwa akiosha masufuria bwaloni alfajiri ile.

"Mama Stella," Mkuu alisema kwa sauti ya upole, "huyu ndiye aliyekutukana. Leo ni zamu yako. Ulimwona akibandika uchafu huu?"

Neno moja tu, na Godbless angerudi kwao Bomang'ombe bila cheti. Na Mektrida alitamani kulitamka, Mungu anajua.

"Nilimwona akibandika lile tusi la kwangu," alijibu. "Nikakushtakia, ukaniambia ni uhuru. Uhuru huo umekufa lini, Mkuu? Ulipofika zizini kwako? La kwangu lilikuwa uongo, ukalilinda. La kwako sijakusikia ukilikana! Mimi hapo simo."

Wajumbe walitazamana. Mwalimu Theodora, katibu wa kamati, akauliza taratibu, "Mkuu, hiyo habari ya Landrova ni kweli?"

Mkuu alifoka, akakusanya mafaili yake, akatoka bila kujibu. Kesi ikafia hapo.

"Asante, mama," Godbless alisema.

"Kaa na asante yako! Usidhani nimekupenda. Nililia, ukacheka; leo umeguswa wewe, jasho linakutoka. Kaandike kumwomba radhi mume wangu, uweke na jina lako, watu wote wasome."

Godbless akaenda kutafuta karatasi na kalamu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.