Saa Kumi na Mbili za Nambua

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzi tu, ndege zimekwisha kujaa angani na usingizi wa wahudumu wake hauna mwenyewe, alikuwapo mwanamke aitwaye Nambua. Alikuwa mhudumu wa ndege wa zamu ya akiba. Isikieni kazi hiyo: hupo kazini, wala hupo likizoni. Unakaa nyumbani na simu; mwenzako akiugua unaitwa, na hapo hapo unavaa sare. Miaka sita Nambua hakumaliza msiba, wala hakula pilau ya harusi mpaka sahani ikaisha. Akilalamika, mkuu wake, Bwana Ngwale, humwambia, "Akiba haiozi." Naye humjibu, "Ya unga, mkuu. Ya mtu huchoka."

Kinga yake ilikuwa kifungu kimoja cha mkataba, alichokibandika nyuma ya mlango wake: mhudumu akitua, atapumzika saa kumi na mbili bila kukatizwa.

Siku moja akatua saa nne asubuhi. Ukaingia ujumbe wa Kokushubira, mpanga zamu, ambaye naye aliwahi kuwa mhudumu wa akiba kabla ya kukalishwa mezani: "Pumzika saa kumi na mbili tutakuita." Hauna nukta, hauna mkato. Nambua akausoma hivi: pumzika saa kumi na mbili, kisha tutakuita. Akahesabu kwa vidole mpaka saa nne usiku, akazima simu, akalala. Kumbe mwenzake alikusudia: pumzika; saa kumi na mbili jioni tutakuita, tukupe ratiba ya kesho.

Jioni ile mhudumu mmoja akaugua, na ndege ya abiria sabini hairuki na pengo. Simu ya Nambua haipatikani. Bwana Ngwale akatuma dereva. Akagonga, akagonga, mpaka Nambua akatoka na kanga yake, macho mekundu.

"Dada, unaitwa uwanjani."

"Nimepumzika saa nane, kaka. Nane si kumi na mbili. Kamwambie mkuu sikukataa kazi, nimekataa kuifanya nikiwa nusu mtu. Moshi ukitokea, wa kufungua mlango ni mimi."

Akafunga. Alijua watu walikwisha kufukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini hakufungua tena.

Ikapigwa simu ya Tumsifu, naye wa akiba. Saa kumi na mbili zake zilikuwa zimebakiza dakika arobaini. Akasema, "Kuna wagonjwa kwenye hiyo ndege, kuna watu wanawahi maziko. Nakuja." Akaenda. Ndege ilipotua, jiko la chakula likafuka moshi. Tumsifu akafungua mlango, akawatoa wote sabini, hata mmoja hakuchubuka.

Kesho yake Bwana Ngwale akamwita Kokushubira. "Kwenye kumbukumbu, ongeza neno 'jioni' katika ule ujumbe. Ionekane Nambua alikaidi."

"Neno hilo halikuwepo, mkuu. Aliyelisahau ni mimi."

Akauchapa ujumbe ule kama ulivyo, akaubandika kwenye ubao wa matangazo, na chini yake akaandika jina lake.

Habari zikawafikia wenye kampuni. Kifungu kikaandikwa upya, na simu ikakatazwa kulia kabla ya muda kutimia. Kisha wakatoa nafasi moja, moja tu, ya ratiba ya kudumu: atakayeipata ataruka akizijua siku zake mwezi mzima kabla, na neno akiba hatalisikia tena ila kwa unga. Bwana Ngwale akawaita watatu: Nambua, Tumsifu, na Kokushubira, aliyetamani kurudi angani.

Nambua akasema, "Bila mlango wangu kufungwa, kifungu kingebaki karatasi."

Tumsifu akasema, "Bila mimi kwenda, wale sabini wangelala uwanjani. Tena nimeandika kwenye ripoti ya moshi ule jambo lisilonifaa: mkono wangu ulishika kwanza kitasa kisicho chenyewe. Dakika arobaini zile nilizihisi pale. Ripoti yangu ndiyo iliyowaaminisha wakubwa kwamba Nambua hakuwa mvivu."

Kokushubira akasema, "Bila ujumbe wangu ubaoni, Nambua angekuwa hana kazi leo, na ripoti ya Tumsifu ingekuwa kabatini. Nimejishitaki mwenyewe."

"Lakini dada Koku," Nambua akamchokoza, "si wewe uliyetufikisha huku?"

"Ningetaka muda ningeandika masaa, kama watu wote."

"Mkataba umesema saa. Na mwalimu wangu alituchapa kwa kusema masaa."

Wakacheka, hata Bwana Ngwale. Lakini nafasi ilibaki moja. Akawapa karatasi na kalamu. "Chagueni wenyewe. Nileteeni jina moja saa kumi na mbili."

Wote watatu wakauliza kwa pamoja, "Asubuhi au jioni?"

Kalamu ikaangukia mkononi mwa Nambua. Aliitaka nafasi ile, aliitaka sana, wala hakujificha. Akawatazama wenzake: mmoja alikwenda yeye alipokataa, mwingine aliungama ili yeye asiangamie. Akaishusha kalamu mpaka ikagusa karatasi.

Nanyi mnaonisikiliza, mliolala jana hadi mkaamka wenyewe bila simu kulia, msimwachie Nambua mzigo huu peke yake. Mmoja alikataa, mmoja alikubali, mmoja alikiri. Je, kalamu iandike jina la nani?