Mjusi na Tumbo la Kinyonga

Paukwa.

Pakawa.

Wakubwa mpo?

Tupo.

Na watoto?

Macho makavu.

Hapo zamani za kale, juu mlimani penye baridi, Mjusi alitaga mayai. Akachimba shimo, akayafukia, akasawazisha udongo. Majirani wakaja kuliona shimo na kumpa hongera, maana ndivyo ilivyokuwa desturi.

Kinyonga hakuchimba. Tumbo lake likavimba, likavimba, naye kutwa yuko juu ya tawi anaota jua.

Siku moja Mjusi akafukua kidogo, achungulie. Mayai yamepungua. Akayahesabu tena. Akatazama juu. Tumbo lile.

"Shoga, shimo lako liko wapi?"

"Sina. Ardhi ya huku ni baridi. Wanangu nawabeba tumboni, jua linawapasha moto humu humu."

"Mtoto azaliwe bila shimo, bila ganda? Hata kudanganya hujui."

Kinyonga akamgeuzia jicho moja. Jingine liko kwa nzi. "Basi subiri uone."

Jicho hilo moja likazidi kumtia Mjusi wasiwasi. Mwenye moyo safi si angemtazama kwa yote mawili? Akamwendea mjomba wake, Kenge.

"Mjomba, nilindie yaliyobaki. Mimi namchunga mwizi."

"Nenda, mpwa wangu. Sisi tunaotaga tunajuana."

Mjusi akakaa chini ya tawi. Hakula. Hakusinzia. Kinyonga akisogea, naye anasogea. Kinyonga akimeza, anauliza.

"Umemeza nini?"

"Nzi."

"Nzi gani?"

Asubuhi moja Kinyonga akajikaza. Pwata. Kitu chenye utelezi kikanasa kwenye jani. Mjusi akakirukia. Kikapasuka, akatoka kinyonga mdogo, mkia umejikunja, jicho moja huku, jingine kule. Pwata, mwingine. Pwata, mwingine. Ganda hakuna. Mjusi hata mmoja hakuna.

Mjusi akanywea. Kisha akajiuliza. Kama si huyu, ni nani?

Akakimbia. Akakuta shimo wazi, maganda yametapakaa, na Kenge amejinyoosha pembeni, kiini cha yai kimemkaukia kidevuni.

"Mjomba," akasema Mjusi.

Kenge hakufumbua macho. "Vipi, mpwa wangu, umemkamata mwizi?"

Basi, wenzangu, anayezaa tofauti na wewe hajakukosea kitu, na anayetaga kama wewe si lazima akutakie mema. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye shimo tupu.